Siku tano za Rapa Nui: mpange vipi zisipotee bure

Swali: "Novemba nitakuwa Santiago, Chile, kwa mkutano wa wiki mbili, na mke wangu atakuwa nami. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili nina siku tano, nasi tumeazimia kwenda kuona masanamu ya mawe ya Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka. Viza za Chile tunazo. Tumepata nyumba ya bei nafuu mtandaoni, tutakodi gari tuzunguke wenyewe, na tiketi tutakata mlangoni. Tutarudi Santiago jioni ya kuamkia mkutano. Kuna tulichosahau?" Msomaji, Mombasa.

Jibu:

Ndugu msomaji, msimu mmeuchagua vizuri. Novemba mvua si nyingi kama Mei, joto la mchana halichomi, na watalii hawajajazana kama wanavyojazana Februari wakati wa sherehe za Tapati. Lakini mambo manne mliyoyataja yote yanataka kubadilishwa: siku ya kurudi, nyumba, tiketi na gari. La nyumba linaweza kuwazuia hata kupanda ndege, kwa hiyo msilipie chochote kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Nianze na siku ya kurudi, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Rapa Nui iko zaidi ya kilomita 3,500 magharibi ya pwani ya Chile, na Pitcairn, kisiwa cha jirani chenye watu, kiko kama kilomita 2,000 upande wa pili. Hakuna meli ya abiria ya kukimbilia. Kuna uwanja mmoja wa ndege, Mataveri, na shirika moja linalobeba abiria wa kawaida kutoka Santiago, LATAM. Ndege ikiahirishwa kwa upepo au kwa hitilafu, hakuna shirika jingine la kuhamia, na ya kesho yake mara nyingi imeshajaa. Mtu anayerudi jioni ya kuamkia mkutano anaucheza mkutano wake kamari.

Ushauri wangu: iondoeni safari hii katikati ya mkutano, muiweke mwishoni, kabla ya kurudi nyumbani. Kaeni kisiwani usiku nne, kisha mlale Santiago usiku mmoja kabla ya ndege ya kuwarudisha Afrika. Tiketi ya kisiwani mtakuwa mmeikata mbali na ile ya nyumbani, na mkichelewa, shirika linalowapeleka nyumbani halina wajibu wa kuwasubiri wala kuwabadilishia bure. Kama haiwezekani kabisa kuihamisha, basi ondokeni siku ya kwanza ya zile tano, mrudi ya nne, na ya tano ibaki akiba. Usiku tatu zinatosha kuona mambo makubwa, ila mvua ikinyesha siku nzima hamtakuwa na siku ya kufidia.

Sasa nyumba. Tangu Agosti 2018, Sheria namba 21.070 inaweka mpaka wa mgeni kukaa kisiwani: siku 30, basi. Kabla ya kuingia, kila mgeni, Mchile wa bara akiwemo, anajaza mtandaoni fomu iitwayo FUI kwenye tovuti ya serikali ya Chile. Haina malipo. Ndani yake unaonyesha vitu viwili: tiketi ya kurudi iliyo ndani ya zile siku 30, na mahali pa kulala palipoandikishwa SERNATUR, idara ya utalii ya Chile. Asiye na hoteli anahitaji barua rasmi ya mwaliko kutoka kwa mkazi. Nyumba nyingi za bei nafuu zinazotangazwa mtandaoni hazimo kwenye daftari la SERNATUR. Mwenyeji atakwambia hakuna shida, utalipa, halafu pale Santiago, ambapo makaratasi hukaguliwa kabla ya kupanda, unaambiwa huendi. Mwandikieni mwenye nyumba leo, mwombeni namba yake ya usajili, muitafute wenyewe kwenye orodha ya SERNATUR. Akizungukazunguka, achaneni naye. Ziko nyumba ndogo za familia, wenyewe huziita residencial, zilizosajiliwa na zenye bei ya kuvumilika, na nyingi huwapokea wageni wao uwanjani kwa taji la maua.

Mpango huu una mfuatano wake: ndege kwanza, kisha chumba kilichosajiliwa, kisha FUI, kisha tiketi ya hifadhi, kisha mwongozaji. Ukiuvuruga, utajikuta umelipia kitu usichoweza kukitumia. FUI ijazeni kila mtu ya kwake, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na nakala muwe nayo kwenye simu na kwenye karatasi. Siku ya safari fikeni uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Ndege ya Rapa Nui ni ya ndani ya nchi, kwa hiyo viza hiyohiyo ya Chile inatosha, lakini foleni ya ukaguzi wa FUI hula muda.

Kuhusu tiketi, mlangoni haziuzwi. Sehemu kubwa ya maeneo ya kale ni Hifadhi ya Taifa ya Rapa Nui, ambayo tangu 2017 inaendeshwa na wenyeji wenyewe kupitia jumuiya yao, Ma'u Henua. Tiketi inanunuliwa mtandaoni kwao au kwenye ofisi yao mjini Hanga Roa. Kwa miaka ya karibuni mgeni mtu mzima amekuwa akilipa kama dola 80 za Marekani. Hakikisheni bei ya sasa kabla ya kupiga hesabu. Tiketi hudumu siku 10, na ina sharti ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wamechelewa: Rano Raraku, mlima yalikochongwa masanamu, na Orongo, kijiji cha kale cha mawe, unaingia mara moja moja tu. Kwingine unaweza kurudi. Kwa hiyo hizo mbili hazifai kuendewa siku ya mawingu au mwishoni mwa siku mkiwa hoi.

Tiketi peke yake haiwatoshi. Kisiwa kilipofunguliwa tena Agosti 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona, ilikuja kanuni kwamba sehemu nyingi za hifadhi huingii bila mwongozaji aliyeidhinishwa. Hapo ndipo hoja ya gari inapolegea. Mwongozaji wa watu wawili kwa kawaida ana gari lake, na safari za vikundi zina basi dogo. Mkikodi gari mtalipa mara mbili. Tena magari ya kukodi kisiwani hayana bima: mkwaruzo ni wako, kioo ni chako. Chile wanaendesha upande wa kulia, nanyi mmezoea kushoto, na gia mtaibadilisha kwa mkono wa kulia. Farasi na ng'ombe wanazurura barabarani usiku na mchana. Kwa siku nne, chukueni mwongozaji kwa siku mbili, na siku zilizobaki tembeeni kwa miguu, kwa teksi au kwa baiskeli. Mwongozaji wekeni nafasi mapema, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba siku zake mbili zinaweza kubadilishana kufuatana na hali ya hewa. Neno hili dogo ndilo litakalowaokoa Orongo.

Kabla ya ratiba, zingatieni saa. Novemba Rapa Nui iko nyuma ya Santiago kwa saa 2, na nyuma ya Mombasa kwa saa 8. Lakini saa yao haiendani na jua. Katikati ya Novemba jua linachomoza kama saa 1:20 asubuhi, linafika utosini saa 8 mchana, na kuzama karibu saa 2:40 usiku. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea magharibi ya saa 12, atakula chakula cha jioni mapema na kuikosa nusu ya uzuri wa siku. Msiamke alfajiri ya nyumbani mkidhani mmewahi, mtakaa gizani. Na jua kali kabisa ni kati ya saa 6 na saa 10 jioni, wakati ambao kwa saa za kwetu ungedhani limeanza kupoa.

Mwanga nao una mahali pake. Masanamu, yaani moai, husimama juu ya jukwaa la mawe liitwalo ahu, na karibu yote ya pwani yameipa bahari mgongo, yakitazama bara kuliko na vijiji vya watoto wao. Kwa hiyo Tahai, iliyo pwani ya magharibi, nyuso zinaangaziwa asubuhi, na jioni jua linazama nyuma yake. Tongariki, kusini mashariki, nyuso zinawaka alasiri. Akivi ni tofauti: moai saba zilizo mbali na ufuko, zinazotazama upande wa bahari, na saa zake ni za jioni.

Siku ya kwanza ndege nyingi hufika mchana. Wekeni mizigo, kisha tembeeni mpaka Tahai, kaskazini kidogo ya mji, dakika ishirini au thelathini kwa miguu. Hapo hamhitaji mwongozaji. Kuna majukwaa matatu, na sanamu moja, Ko Te Riku, imewekewa macho ya kuiga ili watu waone zilivyokuwa: weupe wa tumbawe na mboni nyeusi. Jicho la kweli la tumbawe lilipatikana kwenye ufuko wa Anakena mwaka 1978. Jirani na hapo kuna makumbusho ya Padri Sebastián Englert. Ulizeni siku zake za kufungua, na mkiweza ingieni kabla ya siku ya Rano Raraku, mtaelewa zaidi.

Siku ya pili, kama anga ni safi asubuhi, nendeni Orongo. Mwombeni mwongozaji aanze na ukingo wa kreta ya Rano Kau, shimo la zaidi ya kilomita moja na nusu upana, lenye maji na matete chini yake. Wingu linapokaa juu ya ukingo huoni kitu, si kreta wala bahari, na tiketi yako ya Orongo imekwenda. Orongo yenyewe ni kijiji cha nyumba za mawe bapa, milango yake mifupi kiasi kwamba aliyekuwa akiingia alitambaa. Hapa ndipo yalipofanyika mashindano ya mtu-ndege, tangata manu: vijana walishuka jabali la karibu mita 300, wakaogelea mpaka kisiwa kidogo cha Motu Nui, na wa kwanza kurudi na yai la ndege aitwaye manutara, likiwa zima, alimpa bwana wake heshima ya mwaka mzima. Kutoka Orongo ndiko ilikochukuliwa mwaka 1868 sanamu ya Hoa Hakananai'a, ambayo mpaka leo iko British Museum, London, na wenyeji wanaidai. Mwongozaji akilisema hilo kwa uchungu, msikilizeni.

Baadaye siku hiyo piteni Vinapu, ukuta wa mawe yaliyobanana hasa, kisha Puna Pau, machimbo ya mawe mekundu yaliyokuwa vilemba vya moai, mmalizie Akivi jioni.

Siku ya tatu ndiyo kubwa, na itawachukua siku nzima. Fuateni pwani ya kusini mpaka Rano Raraku, kama kilomita 18 kutoka mjini, mlima uliokuwa kiwanda. Kati ya moai zipatazo elfu moja za kisiwa, karibu 400 zimebaki hapa. Tengeni saa mbili zisizopungua. Safari nyingi za vikundi hutoa saa moja, ulizeni kabla ya kulipa. Vichwa vinavyoonekana kwenye picha si vichwa vitupu. Miili imo chini, imefunikwa na udongo ulioteremka mlimani kwa karne kadhaa. Juu zaidi mtaziona ambazo hazijakatika: uso umekwisha, mikono imekunjwa tumboni, vidole virefu vimechongwa kimoja kimoja, lakini mgongo bado umeshikana na mwamba kwa ukanda mwembamba, kama mtumbwi ambao fundi hajautenga na gogo. Moja, ile kubwa kupita zote, ina urefu wa kama mita 21 na haikunyanyuka kamwe. Na kifuani mwa sanamu moja kuna mchoro wa meli ya milingoti mitatu, uliochongwa baada ya Wazungu kuanza kufika mwaka 1722. Nyinyi watu wa Mombasa mmeiona michoro ya meli za Wareno ukutani Fort Jesus. Itazameni hii kwa jicho hilohilo. Oktoba 2022 moto ulipita hapa ukaunguza baadhi ya moai, na jiwe lililoungua hupasuka na kumeguka. Ndiyo sababu ya kamba na walinzi. Njia ikifungwa, imefungwa.

Kutoka hapo Tongariki inaonekana kwa macho: moai 15 mstari mmoja. Tsunami ya 1960 ilizitawanya mbali na bahari, na zikasimamishwa upya miaka ya 1990 kwa msaada wa winchi kutoka Japani. Malizieni Anakena. Kwa mtu wa Mombasa mchanga mweupe na minazi si kitu kigeni, tena minazi yenyewe ililetwa kutoka Tahiti karne ya 20. Cha kutazama ni moai za Ahu Nau Nau, ambazo zilifunikwa na mchanga muda mrefu, ndiyo maana michongo yake haikulika sana.

Siku ya nne iacheni wazi. Hali ya hewa ikiwa imewaharibia, ndiyo ya kufidia. Isipoharibu, rudini Tongariki alasiri na mwongozaji, au pandeni Terevaka, kilele cha kisiwa, mita zipatazo 507, mlima usio na kivuli hata kidogo. Ikiangukia Jumapili, hudhurieni misa ya Hanga Roa japo kwa kusikiliza tu. Nyimbo huimbwa kwa Kirapanui. Mkisikia rima kwa maana ya tano na mata kwa maana ya jicho, kumbukeni kwamba Kimalagasi cha Madagaska ni cha ukoo huohuo wa lugha, kimoja mwisho wa magharibi na kingine mwisho wa mashariki. Ngalawa yetu, na zile mbao zake mbili za ubavuni zinazoizuia isipinduke, ina mkono wa mabaharia wa ukoo huo.

Kuna adabu ambayo haina mjadala. Ahu ni makaburi ya mababu, si ukuta wa kukalia wala wa kupandia ili picha ikae vizuri. Moai haziguswi. Mwaka 2008 mtalii mmoja kutoka Ufini alimega kipande cha sikio akakamatwa na kutozwa faini kubwa. Droni inahitaji kibali. Na msiwaulize wenyeji kwa nini mababu zao walijimaliza kwa kukata miti. Hadithi hiyo imeenea, lakini uchunguzi wa DNA ya mifupa ya kale uliochapishwa 2024 haukukuta dalili za watu kuporomoka kabla ya Wazungu. Kilichowaangamiza kimeandikwa: mwaka 1862 na 1863 meli za watumwa kutoka Peru ziliwabeba kwa mamia, waliorejea wakaja na ndui, na kufikia 1877 walikuwa wamebaki watu 111 tu kisiwani. Wanaowapokea leo ni wajukuu wa hao.

Chakula ni ghali kwa sababu karibu kila kitu huja kwa ndege au meli. Mlo wa mgahawani mara nyingi ni peso 15,000 hadi 25,000 kwa mtu. Bei inayovumilika ni ya empanada ya jodari, mfano wa sambusa kubwa ya jodari na jibini. Kama hamli nguruwe, ulizeni unga umekandwa kwa nini: wakisema manteca, ni mafuta ya nguruwe. Samaki wa kuchoma hana wasiwasi. Viazi vitamu, ambavyo wao huviita kumara, pamoja na magimbi, mtavikuta. Mkitaka kupunguza gharama, nunueni Santiago vyakula vikavu vilivyofungwa kiwandani, si matunda wala mboga mbichi.

Na hapo niwaonye kuhusu kuingia Chile kwenyewe. Idara yao ya kilimo, SAG, inakagua mizigo kwa mbwa na kwa mashine. Asali, matunda, mbegu, nyama, vitu vya mti, vyote vinatangazwa kwenye fomu. Mabuyu ya sukari mnayobebea wenyeji wenu yana mbegu ndani. Pilipili manga nzima ni mbegu. Ukitangaza, kibaya zaidi watakuchukulia. Usipotangaza, ni faini.

Vilivyobaki ni vidogo. Chukueni peso Santiago, kwani mashine za kutolea pesa Hanga Roa ni chache na mtandao wa kadi hukatika. Dola za noti safi hupokelewa sehemu nyingi. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii, ya duara ya pini mbili inaingia. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka bara. Nje ya mji hakuna duka la kutegemea, kwa hiyo kila mtu abebe maji lita mbili kwa siku, kofia inayofungwa kidevuni kwa ajili ya upepo, na koti jepesi la mvua. Viatu viwe vya soli ngumu na visiwe vyeupe, maana udongo mwekundu wa huko hautoki. Malaria hakuna, lakini homa ya dengi imewahi kuzuka, hivyo dawa ya mbu ni ya mchana. Hospitali ipo, ila mgonjwa mahututi hupelekwa bara kwa ndege. Bima yenu ya safari iseme wazi kwamba inalipia hilo.

Siku ya kuondoka, kagueni mifuko yenu kabla ya kwenda Mataveri. Jiwe la kisiwa halitoki, hata kokoto iliyoingia kiatuni kwa bahati mbaya; kung'uteni viatu hapohapo mlipo.